Sasa Nimenyonya Nini?

Mswaki nimepiga mara tatu, mdomo bado unanuka petroli.

Corolla yangu, KE70 ya mwaka 1983, injini 4K, ikifika mlima wa Kimara inaishiwa pumzi kuliko mimi. Fundi wa kwanza alilegeza distribyuta, ile inayogawa moto wa plagi, akaizungusha moto uwahi, kwa sikio (taa ya taimingi hana, sikio analo) akasema, "Sasa nyepesi." Kesho yake injini ikagonga kama sarafu kwenye kopo. Wa pili akairudisha nyuma mno. Ikachemka, ekzosi ikapiga mabomu. Wa tatu alinishauri nifugie kuku.

Wa jana kanifuata barabarani, mimi na suti yangu ya msibani, mjumbe wa kamati ya mazishi.

"Mzee, chomoa mpira wa vakyumu pale kwenye kabureta, unyonye. Mimi naangalia kama sahani ya pointi inasogea humu ndani ya distribyuta."

Nikanyonya.

"Bado. Vuta, mzee!"

Nikavuta mpaka macho yakatoka. Mwendokasi ukapita, abiria wote dirisha moja.

"Nyonya kama dafu!"

"Babu, hilo shisha la ladha gani?" Huyo ni kijana wa bodaboda. Wangu nimemzaa mkubwa kuliko yeye.

"Haisogei," fundi akatangaza. "Mzee, pumzi huna."

Pumzi! Akaitwa muuza mihogo, mbavu kama mlango wa benki. Kavuta, kapata hewa tupu. Hapo ndipo fundi akakubali kwamba mapafu yangu mazima, kilichochanika ni kiwambo, ile ngozi ya ndani ya vakyumu inayovuta sahani.

"Basi mlima ndiyo tumeupata?"

Akaishika rota, ile inayozunguka katikati ya distribyuta, akaipinda kwa vidole viwili, akaiachia. Ikabaki palepale. "Hii ilitakiwa irudi yenyewe. Vile vyuma viwili vya chini vinavyowahisha moto injini ikikimbia, na springi zake, vimeshika kutu. Mlima ni hii."

"Na vakyumu?"

"Ile ukikanyaga mafuta mpaka chini haifanyi kazi, mzee. Ile ikichanika inakulia mafuta tu ukiwa unatembea taratibu."

"Sasa nimenyonya nini?"

"Nilitaka kujua."

Alitaka kujua! Vidole viwili, sekunde moja, angeanzia huko! Na hela ya kunyonya kaiweka kwenye hesabu, anaiita uchunguzi.

Msibani nimefika wameshatoka makaburini, pilau limebaki ukoko, na mama mmoja ananisogezea daftari la michango huku ananusa koti langu. Halafu suti yenyewe si yangu, ni ya shemeji, na shemeji mnamjua...