Dodoso la mgeni Kibera

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani hufika Nairobi kwa muhula mmoja, na baadhi yao huishia Kibera, mtaa wa mabanda wa jiji hilo, wakitafiti maji, vyoo au ajira ya vijana. Mkazi wa Laini Saba au Gatwekera, vijiji vya humo, anaweza kuulizwa leo maswali yale yale aliyoulizwa mwaka jana. Majibu hupanda ndege, bomba la maji libaki lilipokuwa.

Wanaolalamikia tafiti hizi wana sababu. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Hata anayeishuku sensa hiyo, na wanaoishuku wapo, atapata taabu kuifikisha milioni. Namba ile haikubuniwa na wanafunzi, lakini kila aliyeinakili bila kuihoji aliiongezea uzito.

Upande wa pili, wanaotetea ziara hizi husema mgeni huambiwa yasiyosemwa mbele ya jirani. Ni kweli kiasi. Ugomvi wa nyumba na ardhi Kibera ni wa zamani, tangu Waingereza walipowapa makao hapo askari wa Kinubi mwanzoni mwa karne ya 20, na mpangaji anayedaiwa kodi hamfungulii moyo kijana wa mtaa ambaye huenda ni mpwa wa mwenye nyumba. Ila mgeni hatembei peke yake. Anayemwongoza ni kijana huyo huyo: ndiye anayechagua mlango wa kubisha, anayetafsiri, anayelainisha jibu kali na kuruka la aibu. Nusu ya utafiti ni kazi yake, naye hulipwa ujira wa siku na kutajwa kwenye shukrani, akitajwa.

Mimi naona kasoro kubwa iko hapo, kuliko kwenye ugeni wa mtafiti. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na ripoti ya mwisho ipelekwe huko. Vizuri, lakini kutoka ofisi hiyo hadi kwa mama aliyejibu maswali ni mbali sana.

Mradi wa Map Kibera unaonyesha inawezekana kufanya vingine. Ulianzishwa 2009 na wageni, lakini vijana wa Kibera ndio waliopita vichochoroni na GPS wakiandika shule, zahanati na vyoo. Ramani ikawekwa wazi mtandaoni, yeyote aitumie.

Mwanafunzi wa muhula mmoja hawezi kuanzisha mradi wa namna hiyo, na asidanganywe kwamba anaweza. Anachoweza ni kuuliza swali dogo, tuseme bei ya mtungi wa maji katika kijiji kimoja, kumwandika mkalimani wake kama mwandishi mwenza, na kurudi kuwasomea waliojibu, kwa Kiswahili, kabla ya kufunga virago. Chuo kisichoweza kutenga wiki moja kwa hilo kiwapeleke wanafunzi wake maktaba.