Bibi Kaganda Ukutani

Ukitaka kumwuzia ami yangu kitu, usimweleze kinafanya nini. Mwonyeshe tu kwamba hakina nyaya. Ndivyo ilivyoingia dukani kwetu Langoni ile kompyuta ya kipande kimoja: skrini ya inchi 24, nyeupe kama sahani ya wageni, mashine yote imebanwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nimemwandikia karatasi ya kompyuta ya kasha, lile dude ambalo wengi huliita sipiyu. Ami akaisoma, akaikunja, akapanda basi kwenda Mombasa, akarudi na televisheni.

"Kasha litakula nafasi," akasema. "Hii naitundika."

Akaitundika kweli. Nyuma ina matundu manne ya skrubu, milimita 100 kwa 100, ya kufungia bano la ukutani. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa. Fundi alitoboa mpaka jirani muuza halua akafunika sinia. Kisha mashine ikabandikwa karibu kabisa na ukuta, mgongo hauna pa kupumulia, uso umeelekea mlango, na mlango umeelekea baraza la wazee. Vichochoro vya Lamu mwavijua: punda wawili wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume. Aliyekaa baraza ile anaweza kusoma ujumbe kwenye simu yangu.

Sasa kazi. Sisi twahariri harusi, na fungu langu ni kupamba, usiku wa wanawake watupu. Apigaye picha mwanamke, ahaririye mwanamke, na mwanamume haoni hata kisigino. Kamera tatu za 4K, kila moja ikiandika megabiti 100 kwa sekunde, sawa na GB 45 kwa saa. Saa tatu za ngoma, kamera tatu: GB 405, na bado hujaweka muziki.

Ndani ya sahani ya ami mlikuwa na nini? Prosesa ya wati 35, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, grafiki za kuazima RAM hiyohiyo, na diski ya sindano ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Diski ya namna hiyo husoma faili moja vizuri tu. Ukiidai kamera tatu kwa pamoja, sindano yashinda ikirukaruka kutoka faili hili hadi lile, na picha zakatika. Nilijitengenezea faili za proksi, nakala nyepesi za 1280 kwa 720, nikahariri kwa hizo. Proksi huokoa uhariri. Wakati wa kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, programu hurudi kwenye faili za asili, na hapo huruma imekwisha.

Nilihariri mlango umefungwa. Lakini kurenda kulikuwa kwa saa nyingi, na watu wa fotokopi hawangoji. Nikaishusha programu chini, ami akafungua duka, mimi nikaingia nyuma kupiga chai.

Asilimia 91, RAM ikajaa. Programu ikaibuka mbele ya kila kitu kutoa onyo la kumbukumbu, na pembeni ya onyo ikaanika picha yake ya mwisho, imeganda: bibi yake bibi harusi, leso kiunoni, kichwa wazi, mikono juu, katikati ya chakacha. Inchi 24.

Sala ya alasiri ilikuwa imetoka punde hivi. Baraza imejaa.

Mtoto wa chuoni akapita na juzuu yake, akasimama. "Bibi!" akaita, kwa furaha ya kweli.

Nikaruka. Windows na L, ya kufunga skrini: amri ikaenda kupanga foleni nyuma ya diski. Nikatafuta kitufe cha kuzima skrini peke yake. Hakuna. Kasha lina skrini yake mbali. Wabonyeza kitufe chini ya kioo, giza, na kazi yaendelea kama kawaida. Humu skrini ndiyo kompyuta, kitufe ni kimoja, ukikishika sekunde chache vyote vimekufa, na video ya watu pia. Kuigeuza? Skrubu nne. Umeme nao ungekatika, kama ilivyo desturi yake tukiwa na kazi, lakini siku hiyo ulikuwa imara, na hata ungekatika UPS, betri ya akiba, ipo.

Wazee, kwa haki yao, waligeuza nyuso. Mmoja aligeuza polepole mno.

Ndipo ami akaokoa heshima ya ukoo. Akanyakua leso kwenye kamba, ile iliyoandikwa "Siri ya mtungi aijuaye kata", akaigubika mashine gubigubi.

"Ami, hapo juu ndipo inapotolea joto!"

"Bora iungue yeye asionekane!"

Nyingi ya kompyuta hizi hunyonya hewa chini na kuitema kwa matundu ya juu. Mgongo umeshazibwa na ukuta, sasa na kichwa kimevishwa. Feni ikaanza kulia kama boti ya Mokowe iliyochelewa. Prosesa ikipata moto hupunguza mwendo ijilinde, isipopoa, hujizima. Chini ya leso, kupitia kitambaa, niliona mstari ukitambaa: 95, 96, 97. Kisha giza.

Faili la MP4 huandika faharasa yake mwishoni kabisa. Likikatika kwenye asilimia 97 hupati asilimia 97 ya harusi. Wapata GB kadhaa zisizofunguka. Anayerenda kazi ndefu na aitoe vipande vipande vya dakika kumi au kumi na tano kisha aviunge, au atumie aina ya faili la wahariri, DNxHR ndani ya MXF, ambayo ikikatika huwa yawezekana kuokoa iliyokwisha kuandikwa.

Mashine haikuwaka tena. Na picha zote za asili zilikuwa ndani, kwa kuwa ami hakuona haja ya diski ya nje wakati "kila kitu kimo humo humo". Kuitoa diski kulitaka tuing'oe ukutani, tuilaze kifudifudi juu ya godoro, kisha tupitishe kadi ya plastiki pembeni mwa kioo taratibu, kwa sababu kimeshikwa kwa gundi na vishikizo, na ukivuta kwa hasira wakata ule utepe mwembamba wa waya wa skrini. Kwenye kasha, diski ni kufungua ubavu, skrubu chache, basi.

Karatasi yangu ikakunjuliwa. Prosesa Core i5-12400, na nilimwandikia ami kwa herufi kubwa ISIWE yenye F mwishoni: ya F haina grafiki za ndani, na hizo ndizo zinazofungua H.265 ya biti 10 ya 4:2:2, aina ya video za baadhi ya kamera, ambayo kadi nyingi za grafiki hazijui kuifungua. RAM GB 32, vipande viwili vya 16, si kimoja cha 32. NVMe, diski ya kasi isiyo na sindano, ya TB 1 kwa kazi iliyo mkononi, diski kubwa ya sindano kwa nakala tu. Pawa saplai ya wati 550. Ami akauliza kuhusu mtumba wa ofisini, ule wa bei poa. Hufaa, ila pawa saplai zake mara nyingi hazina plagi ya ziada ya kadi, hivyo utafute kadi kama GTX 1650 ya wati 75 inayokula umeme wa sloti peke yake, na kasha likiwa jembamba, iwe ile fupi.

Haki itendeke: iMac ya M1 ya mwaka 2021 ni ya kipande kimoja na hukata 4K bila kutoka jasho. Lakini RAM uliyonunua nayo, 8 au 16, ndiyo utakayozikwa nayo.

Kasha lilivuka kwa boti na kumalizia juu ya punda, kadi ya grafiki imetolewa na kufungwa kando, maana mtikisiko huvunja sloti. Limekaa juu ya kibao, si sakafuni. Chumvi ya bahari ikila miguu ya RAM, mashine ikagoma kuwaka, zima, chomoa RAM, sugua kwa kifutio cha penseli.

Bibi alikuja mwenyewe kuchukua video, na bakora.

"Nasikia mlinitundika."

Nikafunga mlango, nikamwonyesha picha yenyewe. Akaitazama, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Leso imenipwaya. Hiyo ya mbele yake, ninapogeuka, nitolee kubwa, ya kuweka chumbani."

Kisha akahesabu fedha za video, akaweka nusu mezani na nusu akairudisha kifuani.

"Bado nusu, bibi."

"Hiyo ni yangu. Nimechezea baraza zima bila kiingilio."