Bafu juu ya boriti

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja kuna alama moja ambayo wageni huipiga picha wakidhani ni uzee tu wa nyumba: doa la kahawia linaloshuka ukutani kutoka ghorofa ya pili, kingo zake zimeota kuvu ya kijani. Wenyeji hawahitaji kuambiwa. Nyuma ya doa lile kuna bafu.

Na bafu hilo ndilo linalotia watu nongwa ukoo unapokaa kikao cha kutengeneza nyumba. Paa hukubalika haraka, maana mvua haina mtetezi. Mlango wa nakshi haubishaniwi. Ikifika zamu ya maliwato, kikao hugawika. Upande mmoja unataka lipu ya zamani ibanduliwe yote, saruji ipigwe, marumaru zipande kutoka sakafuni hadi karibu na dari, pawe na choo cha kukaa, bomba la mvua na hita. Upande wa pili, ambao aghalabu ni mtu mmoja aliyewahi kuhudhuria semina ya hifadhi ya majengo, unasema chokaa, na chokaa tu. Huyo huchekwa. Na tangu mji uingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, anachekwa zaidi, kwa kuwa anasikika kama msemaji wa watalii.

Tuanze na wanaomcheka, kwani hawana upungufu wa hoja. Bibi ambaye magoti yamemkataa hawezi kuchuchumaa, wala hawezi kushuka ngazi mbili zilizosimama wima usiku wa manane kufuata choo cha chini. Lipu ya chokaa inayomomonyoka huacha unga mweupe kwenye kanga za watu. Pembe zenye unyevu huzaa mende. Marumaru unaipiga dawa, unaisugua, unaimwagia maji, imekwisha. Halafu kuna muda. Saruji inauzwa kila duka la vifaa kwa mfuko wa kilo 50, inaganda siku ileile, na fundi wa marumaru akianza Jumamosi, wiki ya pili watu wanaoga. Chokaa inataka kuzimwa shimoni na kuachwa ilale, kisha ipakwe tabaka jembamba, likauke, lifuate jingine. Haigandi kwa maji kama saruji. Inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya kaboni, polepole, mithili ya mtu anayesoma kwa kuhesabu herufi. Familia ya watu tisa yenye bafu moja haiwezi kwenda kuoga kwa jirani miezi miwili, hata jirani awe mwema vipi. Na mafundi wa chokaa waliobaki ni wachache, wenye mahoteli huwawahi.

Hayo yote ni kweli, na sijasikia mtu wa semina akiyajibu vizuri. Yeye hukimbilia neno “urithi”, na hapo ndipo anapoharibu kesi yake mwenyewe, kwa sababu kesi ya chokaa haikujengwa juu ya uzuri wala kumbukumbu za mababu. Ni kesi ya maji yanapata wapi njia ya kutoka.

Ukuta wa nyumba ya mawe una unene wa nusu mita na zaidi. Ndani yake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Jiwe la tumbawe lina matundu, linakunywa. Ukuta huu haukujengwa uzuie maji, ulijengwa uyapokee kisha uyarudishe hewani kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina matundu. Maji ya ardhini yanapanda, ya mvua yanaingia, ya kuoga yanaingia, na upepo wa baharini unayatoa. Sakafu ya ghorofani imebebwa na boriti za mikoko, kila moja fupi isiyofika mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukikauka, ncha zinakauka. Ukuta ukibaki na maji, boriti inaanza kuoza pale pasipoonekana na mtu.

Sasa chukua ukuta huo uupake saruji, kisha gundi, kisha marumaru. Maji bado yataingia, kwa kuwa hakuna kiungo cha marumaru kisichopata ufa wa unywele katika nyumba inayojongea kidogo kila masika. Kinachobadilika ni njia ya kutokea. Upande wa bafuni umefungwa, basi yanatafuta kwingine: chumba cha jirani, ambako rangi inaanza kuvimba na chumvi kutoka kama unga, au chini, kwenye boriti.

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali njema kwa mambo ya watu. Kwa nyumba ya mawe imetuponza, kwa sababu tumeielewa kuwa ni amri ya kuziba kila kitu kwa saruji, wakati ukuta huu ukizibwa ndipo unapohitaji kujengwa.

Nina hesabu moja ambayo imenikaa kichwani, na naomba msomaji avumilie niifanye mbele yake. Bomba lililofichwa ukutani limelegea kwenye kiungo na linadondosha tone moja kila sekunde. Si kitu cha kumfanya mtu aamke usingizini. Matone 20 hivi ni mililita moja. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni lita nne na kitu kwa siku. Mtu anaweza kuzimwaga uani bila kujali. Kwa mwezi ni lita 130, yaani ndoo sita na nusu za lita 20. Kwa mwaka ni ndoo karibu 79. Sasa fikiria mtu anapanda ngazi kila wiki na ndoo na nusu ya maji, anaimimina taratibu ndani ya ukuta wa bafu, juu ya ncha za boriti, na anafanya hivyo mwaka mzima bila kukosa wiki hata moja. Ungemwita mwendawazimu. Bomba linalodondosha nyuma ya marumaru linafanya kazi hiyohiyo, na bili yake kila mwezi ni ndogo mno kumshtua mtu.

Lipu ya chokaa ingelishtaki bomba hilo ndani ya siku chache. Ingeingia doa, ingevimba, ingeanguka kipande, na mama wa nyumba angepiga kelele. Tunauita huo udhaifu wa chokaa. Mimi nimeanza kuuona ndiyo kazi yake kubwa.

Shangazi yangu alitengeneza bafu la ghorofa ya kwanza katika nyumba ya ukoo, upande wa Mkunazini, kwa njia ya marumaru, na lilikuwa bafu la kupendeza kweli. Tulialikwa kulitazama kama watu wanavyoalikwa kumtazama mtoto mchanga. Baada ya miaka saba, chumba cha chini yake kilianza kutoa harufu ya kapu la dagaa lililosahauliwa. Dari ya chumba kile ilikuwa imefunikwa jipsamu kwa ajili ya unadhifu. Ilipobanduliwa, fundi alisukuma bisibisi kwenye ncha ya boriti, ikazama mpaka kwenye mpini. Mti wa mkoko, ambao ukiwa mkavu unashinda msumari, ulikuwa mkate uliochovywa chai. Boriti tatu zilikuwa hivyo, na ya nne njiani. Mirunda ilisimamishwa usiku uleule. Kilichonishangaza hakikuwa kuoza. Ni kwamba juu marumaru zilikuwa bado zinang'aa, bila ufa hata mmoja, na asubuhi yake watu tisa walikuwa wameoga pale.

Watu wa marumaru watasema: hilo ni kosa la fundi wa bomba, si la marumaru. Ni kweli. Lakini mabomba yote hulegea siku moja, mazuri na mabaya. Swali ni nani atakuwa wa kwanza kujua.

Hapa inafaa kutazama wazee walifanya nini na maji, kwa kuwa tunawataja sana na kuwaangalia kidogo. Penye maji mengi, walikaa chini. Hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya Hamamni, iliyojengwa enzi za Sultan Barghash, imekaa juu ya ardhi, si ghorofani. Ile ya Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, nayo imekaa juu ya ardhi. Birika kubwa la pembe nane la jumba la kifalme la Husuni Kubwa, Kilwa, la karne ya 14, limechimbwa kwenye ardhi. Ghorofani walikuwa na choo na mahali pa kuoga, naam, lakini maji yake yalikuwa ya kuchota kwa kata. Katika nyumba za zamani za Lamu birika dogo la bafuni lilifugwa samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la Kichina lilijengewa chini kabisa ili samaki wapate pa kujisitiri maji yakipungua. Mtu alichota kata kadhaa, akajimwagia, akamaliza. Ndoo moja ya lita 20 ilimtosha na kubakisha.

Bomba la mvua linalotoa lita kumi kwa dakika, kwa mtu wa dakika kumi, ni lita 100. Watu tisa ni lita 900. Kwa ndoo wangekuwa 180. Ongeza tangi la lita 1,000 lililopandishwa juu ya paa, ambalo likijaa ni tani moja, na sakafu mpya ya saruji ya sentimita tano juu ya sakafu ya zamani: chumba cha mita sita za mraba kinaongezewa zaidi ya nusu tani kabla ya kubandika kigae cha kwanza. Boriti ni zilezile.

Kwa hiyo mtu wa semina naye ana la kujibu. Anaposema “rudisha chokaa” na kunyamaza, anasahau kwamba bafu la chokaa lilikuwa bafu la kata. Ukiiweka lipu ileile chini ya bomba la mvua mara tisa kwa siku, haitapata nafasi ya kukauka, na itakufa mapema. Wamorocco wana namna ya kusugua lipu ya chokaa kwa jiwe na sabuni ya mafuta ya zeituni mpaka inakataa maji, na hamamu zao zinathibitisha kwamba inawezekana. Lakini ni kazi ya mkono wa fundi aliyebobea, na inataka mwenye nyumba aitunze. Dawa kali za chooni tulizozizoea, zile za tindikali, zinaila chokaa mbele ya macho yako. Kumwambia mama aliyezoea kung'arisha choo kwa tindikali kwamba sasa atumie sabuni ya kawaida na subira ni kazi ngumu kuliko kumbadilisha fundi.

Pia kuna jambo ambalo vikao vya ukoo hulijua vizuri na vikao vya hifadhi hulitaja kwa haraka. Nyumba nyingi za mji huu ni za serikali au za wakfu, na aliyemo ni mpangaji. Mpangaji akitumia akiba yake kutengeneza bafu, atataka litakalodumu muda wa ukaazi wake na lionekane. Boriti ni tatizo la mwenye nyumba. Na sheria inayolinda sura ya nje ya jengo humsukuma fundi kuyaficha mabomba ndani, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hili la mwisho ningethubutu kuwakosea adabu wanaopenda sura. Bomba lionekane. Lipite nje ya ukuta, upande wa uani wasikopita wapiga picha, au ndani lakini wazi, limeshikwa kwa vishikizo. Marumaru iwekwe, sina ugomvi nayo, pale maji yanapopiga tu: sakafuni, na kwenye kizuizi chepesi cha kuogea kilichosimama peke yake, kikiacha upana wa kiganja kati yake na ukuta wa zamani ili hewa ipite. Ukuta wenyewe ubaki na chokaa. Bomba la mvua la watoto na vijana liende chini, wenye magoti mazima washuke. Bibi abaki na choo cha kukaa ghorofani, na ndoo, na kata, ambayo kwa hakika ndiyo anayoipenda.

Shangazi alifanya karibu hivyo mara ya pili. Boriti nne zilibadilishwa, ukuta mmoja ukarudishiwa chokaa, na kwa kuwa fedha ilikwisha, kuta mbili zimebaki na marumaru za zamani. Fundi alipotaka kurudisha jipsamu kwenye dari ya chumba cha chini, shangazi alikataa. Wageni wanaolala chumba kile huziona boriti zote, nyeusi za zamani na nne nyekundu mpya, na hudhani ni mapambo. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana yeye huingia na tochi, akamulika ncha moja moja, na mwanawe mkubwa husimama nyuma yake ameshika ngazi.