Mdomo Nilioutafuna Mwenyewe

Gego langu la chini upande wa kushoto lilikuwa limeniamsha usiku wa nne mfululizo, nami nilipoambiwa kwamba litatibiwa mzizi badala ya kung'olewa, shemeji yangu, ambaye hajawahi kukalia kiti cha daktari wa meno, alinieleza kwa kina jinsi nitakavyolia. Kwa hiyo nilikwenda na leso safi ya kuuma. Daktari aliitazama leso, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, "Sasa kaka, ukiing'ata hiyo, mimi nitapita wapi?"

Sindano ya ganzi iliuma kiasi cha siafu mmoja, na baada ya dakika kama 10 nusu ya mdomo, kidevu na ulimi vilikuwa vimeniaga. Kwa zaidi ya saa moja alisafisha mifereji mitatu ya mizizi kwa visindano vyembamba, akiisuuza kwa dawa iliyonuka kama maji ya kufulia mashuka meupe, na nilichokihisi mimi ni mtikisiko tu na taya lililochoka kuachama. Kumbe maumivu yote yalikuwa ya kabla, ya kile kiini kilichovimba ndani ya jino. Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku tatu kazini.

Daktari alinionya nisile chochote mpaka ganzi iishe, yaani kwa muda wa saa mbili au tatu. Wakati akinionya, nilikuwa nikifikiria mishikaki.

Katika daladala nilijaribu kusema "Mwenge, shusha," lakini midomo haikukutana, na sauti iliyotoka ilimfanya konda awaambie abiria kwamba wapo watu wanaoanza kunywa kabla jua halijazama. Nilishushwa kituo cha mbele, jirani kabisa na jiko la mishikaki, nikaona ni majaliwa. Nyama ilikuwa laini ajabu. Hata baada ya kumeza niliendelea kutafuna, maana bado kulikuwa na kitu.

Muuza mishikaki alinisogezea karatasi. "Kaka, nyama yangu imeiva. Hiyo damu ni yako."

Gego liliuma kidogo kwa siku mbili, tena pale tu nilipotafunia upande huo, likatulizwa na vidonge vya kawaida vya maumivu. Mdomo ulivimba wiki nzima, nikanywa chai kwa mrija, na shemeji akawa anawaleta majirani wautazame: "Si nilimwambia kutibu mzizi si mchezo?"