Kuhamisha hifadhidata kubwa: kufunga huduma au kuhama kazi ikiendelea?

Swali humkuta kila anayehamishia hifadhidata kubwa kwenye seva mpya: awafungie wateja usiku mmoja, au ahame huku wakiendelea kutuma na kutoa fedha?

Wanaotetea kufunga wana hoja nzito. Data ikitulia, unachukua nakala, unairejesha kwenye seva mpya, unalinganisha idadi ya rekodi, kisha unafungua. Kwa SACCO yenye gigabaiti chache, saa mbili za usiku wa Jumapili zinatosha, na sioni sababu ya kujitesa kwa njia nyingine. Kikwazo ni ukubwa. Terabaiti 10 kwenye laini ya gigabiti 1 kwa sekunde huchukua kama saa 22 kusafiri tu, kabla hata faharasa (orodha zinazoharakisha utafutaji wa rekodi) hazijajengwa upya.

Ndipo inapokuja njia ya pili. Seva mpya hupewa nakala ya kuanzia, kisha hupokea kila badiliko linalofanyika kwenye ile ya zamani hadi zilingane. Siku yenyewe unazuia maandishi, yaani kuingiza au kubadili rekodi, kwa dakika chache, unasubiri mabadiliko ya mwisho yafike, unaelekeza programu upande mpya. Wateja karibu hawahisi kitu, lakini mafundi wanabeba mzigo. Unakilishaji wa kimantiki (njia ya kutuma mabadiliko ya rekodi kwenda seva nyingine) ulioingia katika programu ya hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 10, mwaka 2017, haukuwa ukihamisha hesabu za sikwensi, yaani vihesabio vinavyotoa namba ya rekodi inayofuata. Usipozisogeza mwenyewe, rekodi mpya zinagongana namba na zilizokwishakuwepo.

Hatari kubwa zaidi ni pande mbili kupokea maandishi kwa wakati mmoja. Oktoba 2018, GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, haikuwa hata ikihama: mtandao ulikatika kwa sekunde 43, uongozi wa hifadhidata, yaani jukumu la kupokea maandishi, ukahamia kituo kingine, na kila upande ukabaki na maandishi ambayo mwenzake hana. Huduma ilichukua zaidi ya saa 24 kutengemaa.

Je, basi kufunga ndiyo salama? Benki ya TSB ya Uingereza ilifunga wikendi moja, Aprili 2018, ikahamisha wateja wapatao milioni 5.2 kwa mkupuo. Data yenyewe ilifika; jukwaa jipya ndilo lililolemewa, na karibu wateja milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Kwangu, dakika za kuzima si kipimo cha kwanza. Kipimo ni hiki: seva mpya ikielemewa Jumatatu saa nne asubuhi, unaweza kurudi bila kupoteza miamala ya asubuhi hiyo? Hilo linawezekana ikiwa mabadiliko yanarudishwa pia kutoka mpya kwenda ya zamani, kwa wiki moja au mbili baada ya kuhama. Ni gharama ya kuendesha seva mbili, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Ningekubali kuzima nusu saa zaidi kuliko kuikata hiyo.