Kwadi mlimani: injini ya kubebea nyama na injini ya kutafutia mnyama

Paja la nyuma la elki, mfupa ukiwa ndani, hufika kilo 30 na kuendelea. Uzito huo nimeubeba mgongoni, Oktoba moja, katika milima ya Idaho, magharibi ya Marekani, nikimsaidia mzee wa Kikongo kutoka Fizi ambaye ameishi huko miaka ya kutosha kuwa na leseni yake ya kuwinda na bunduki yake. Elki ni wa jamii ya kulungu, ila kimo chake kinakaribia cha ng'ombe. Wetu alikuwa jike. Alianguka bondeni saa kumi na moja jioni, kilomita kama 5 kutoka tulipoegesha gari. Tulimchuna na kumkatakata kwa mwanga wa tochi za kichwani, tukatia vipande kwenye mifuko ya kitambaa ili nyama ipate hewa, tukavitundika matawini, kisha tukaanza kupanda. Safari ya kwanza tuliipiga usiku. Ya pili tuliianza alfajiri.

Saa tatu asubuhi tulikuwa tumekaa juu ya gogo, mabega yanawaka moto, tukasikia mlio wa injini. Vijana wawili walitokeza kwenye njia nyembamba, kila mmoja juu ya pikipiki yake ya matairi manne, bunduki zimelazwa mbele ya usukani. Walitusalimu kwa adabu, wakauliza kama tumeona wanyama wengine na upande gani, wakapita. Mzee alinyamaza mpaka mlio ukapotea nyuma ya kilima.

"Mwanangu," akaniambia, "ile mashine naitaka. Lakini naitaka nyuma ya nyama. Hao wameipanda mbele ya nyama."

Tangu siku hiyo nimefuatilia ugomvi wa wawindaji wa Marekani kuhusu pikipiki hizi, ambazo watembeza watalii wa Zanzibar wameshatuzoesha kuziita kwadi. Ni ugomvi mkali, na pande zote mbili zina haki ambayo upande wa pili hautaki kuikiri.

Mashine yenyewe si kongwe. Honda ilianza kuuza ya matairi matatu mwaka 1970, Suzuki ikaleta ya matairi manne mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza zile za matairi matatu kwa sababu zilikuwa zinapinduka na kuua watu, watoto wakiwamo. Lakini hofu juu ya injini porini ilitangulia. Februari 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri namba 11644, akisema nchi ina vyombo kama milioni 5 vya kuendeshwa nje ya barabara, na akaziagiza idara zinazosimamia ardhi ya umma zipange njia kwa namna ya kupunguza uharibifu wa udongo, usumbufu kwa wanyama na migongano kati ya watumiaji. Ilipofika 2005 Idara ya Misitu ikaamuru kila msitu uchapishe ramani ya njia zilizoruhusiwa, na kupita nje ya njia hizo kukawa kosa.

Amri hiyo ya 2005 iliacha mlango mdogo: msimamizi wa msitu anaweza kuruhusu chombo kitoke umbali fulani kando ya baadhi ya njia ili kufuata mnyama mkubwa aliyekwisha kuanguka. Mlango huo ndio unaogombewa hadi leo.

Nianze na wanaopinga, kwa sababu wao wana ushahidi uliopimwa. Kaskazini mashariki ya Oregon, si mbali na mpaka wa Idaho, kuna msitu wa utafiti uitwao Starkey. Ni hekta 10,000 hivi, umezungushiwa uzio wa kimo cha mita 2.4, na ndani yake elki na kulungu huvalishwa kola za redio zinazoonyesha walipo. Kati ya 2002 na 2004 watafiti waliwapitisha watu kwenye njia zilezile kwa zamu: wa kwadi, wa baiskeli za milimani, wa miguu na wa farasi. Kisha walitazama kola zinasema nini.

Elki walihama zaidi kwadi ilipopita kuliko kwa shughuli nyingine yoyote. Mtu wa miguu aliwasumbua, lakini akiwa mita 500 kutoka kwao athari yake ilikuwa karibu imekwisha. Wa farasi aliendelea kuwakimbiza hata alipokuwa zaidi ya mita 750. Kwa kwadi na baiskeli, elki waliondoka hata pale chombo kilipokuwa umbali wa kilomita moja na nusu. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba siku za kwadi elki walitumia muda mfupi zaidi kula na mrefu zaidi kutembea. Hilo si dogo. Vuli ndiyo wakati wa elki kuweka mafuta ya kuvuka nayo theluji, na jike aliyepandwa Septemba anabeba mimba baridi yote hadi masika. Nyasi asizokula Oktoba hatazipata Januari.

Sasa fikiria mwindaji anayepita na kwadi yake kuwatafuta. Kila kilomita anayokwenda anasukuma mbele yake upana wa kilomita 3 za wanyama wanaoondoka. Wanakwenda wapi? Wanakwenda ambako injini haifiki, na mara nyingi ni kwenye ranchi za watu binafsi ambako mwenye shamba haruhusu kuwinda. Huko wanakula majani ya mifugo yaliyowekwa akiba, mwenye shamba analalamika, na jimbo la Idaho linalipa fidia kutoka kwenye mfuko unaotegemea fedha za leseni za wawindaji haohao. Wapinzani wanapodai kwamba kwadi inamrahisishia mtu mmoja kufika na kuwaharibia wote walio nyuma yake, nakubaliana nao. Sisi wenyewe, baada ya vijana wale kupita, hatukuona hata kinyesi kibichi kwenye ukingo ule.

Hata hivyo ushahidi wa Starkey usitumiwe kwa upande mmoja tu. Baiskeli haina injini wala moshi, na elki waliikimbia karibu kama kwadi. Kulungu wadogo wa huko, wenye masikio marefu kama ya baghala, hawakubadilisha mwendo wao sana kwa lolote kati ya hayo manne. Anayesema "ondoeni kelele za injini na wanyama watatulia" anasema zaidi ya yale kola zilizoonyesha.

Upande wa pili hauna kola za redio. Una migongo na miaka.

Dume la elki hutoa kilo 100 hivi za nyama isiyo na mfupa, na kuacha nyama iliwayo ioze porini ni kosa la jinai Idaho. Msimu wa mishale hufunguka 30 Agosti, siku ambazo jua la mchana bado linawaka. Nyama iliyoshikamana na mfupa wa nyonga huanza kuchacha kutoka ndani, na ukisikia harufu umeshachelewa. Basi sheria inamwambia mwindaji asiache nyama iharibike, na papo hapo, nje ya njia zilizo kwenye ramani, inamzuia kutumia chombo ambacho kingeifikisha kwenye barafu kwa nusu saa. Ukiwa na miaka 30 na rafiki wawili wenye nguvu, utajibu kwamba mtu asipige mnyama mbali kuliko awezavyo kubeba. Jibu hilo ni la kweli, nami nimelitumia. Lakini mwenye miaka 68 na goti lililopasuliwa analisikia kama amri ya kubaki nyumbani.

Kuna pia suala la mali, ambalo huguswa kwa nadra. Kwadi ikipigwa marufuku, anayebaki na njia ya kufika mbali ni mwenye farasi na baghala. Farasi anakula mwaka mzima, anataka trela, anataka malisho na daktari. Kwadi iliyotumika inakaa chini ya turubai miezi kumi bila kudai chochote. Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Idaho ni ya serikali kuu, yaani ni ya kila raia, na fundi wa magari anapoambiwa kwamba milima ni yake pia, ana haki ya kuuliza atafikaje. Nakiri kwamba hoja hii ina mwisho wake: mzee wangu hana farasi wala kwadi, na maelfu ya dola za kununulia hata iliyochakaa yana kazi nyingine nyumbani kwake.

Idaho ilijaribu kupita katikati. Katika baadhi ya vitalu, kuanzia 30 Agosti hadi mwisho wa Desemba, chombo cha moto hakiruhusiwi kuwa msaada wa kuwinda wanyama wakubwa isipokuwa kwenye barabara iliyo wazi kwa magari na inayopitika kwa gari la kawaida. Miongoni mwa nafasi zilizoachwa ni hizi tatu: wenye ulemavu waliopewa kibali maalumu, kufuata mnyama aliyeanguka, na kupeleka au kurudisha vifaa vya kambi. Kanuni inafanana na maneno ya mzee kuhusu nyuma na mbele ya nyama, na naiona ni ya busara.

Ila ina kasoro inayowaudhi wenye kwadi, na wana haki ya kuudhika. Njia ileile, siku ileile, mtu asiyewinda anaruhusiwa kupita na kwadi yake kwa starehe tu. Mlio ni uleule na elki wanakimbia vilevile. Ukisema kanuni ni ya kuwatuliza wanyama, hapo imevunjika. Inasimama tu ukikubali kwamba lengo lake ni jingine: kupunguza urahisi wa kuua, ili msimu uendelee kuwa mrefu na leseni zipatikane kwa wengi. Wawindaji wa Marekani wana dhana ya zamani ya ushindani wa haki kati ya mtu na mnyama, iliyoenezwa na klabu ya Boone and Crockett ambayo Theodore Roosevelt alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1887. Wanaotetea kanuni wangesema hivyo waziwazi. Kujificha nyuma ya amani ya wanyama kunawapa wapinzani wao ushindi wa bure.

Kwetu Afrika Mashariki wazo hili si geni. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania inauruhusu, na sheria yake ya wanyamapori inakataza kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari au ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari. Gari likufikishe, kisha uliache nyuma. Idaho nayo inakataza kuwinda ukiwa juu ya chombo cha moto. Kilichobadilisha hesabu ni kwamba kwadi hupita mahali ambapo gari lingekwama, kwa hiyo "kuliacha nyuma" kunaweza kutokea hatua chache tu kutoka kwa mnyama.

Alaska inanizuia kuwa na uhakika kupita kiasi. Huko mnyama ni musi, naye wa jamii ya kulungu, anayefika kilo 500 na zaidi, na nyama yake ni chakula cha familia kwa msimu mzima katika vijiji ambavyo bei ya dukani inatisha. Sheria ya 1980 iliyoanzisha hifadhi kubwa za Alaska iliwahakikishia wakazi wa vijijini matumizi ya skuta za theluji, boti za injini na vyombo vingine vya nchi kavu walivyovitumia kijadi kujipatia riziki. Je, kwadi ni ya kijadi? Mashine iliyofika juzi, kwa kipimo cha miaka, haikustahili jina hilo. Kwa kipimo cha kazi inayofanya, imechukua nafasi ya mbwa wa mizigo na ya mgongo wa binadamu. Papo hapo ardhi ya huko haisamehi. Tairi likichana zulia la mimea midogo, barafu iliyo chini ya udongo inayeyuka, njia inakuwa tope, anayefuata anapita kando, na baada ya miaka michache njia moja imekuwa kumi zilizosukana kama mkeka katikati ya kinamasi. Siwezi kumwambia mama wa kijiji cha Alaska yale ninayomwambia kijana wa Boise, mji mkuu wa Idaho, anayewinda kwa burudani wikendi mbili kwa mwaka. Riziki inapewa uzito wake, na burudani uzito wake.

Kwa hao wa wikendi, naona ugomvi wa wapi kwadi ipite umechukua nafasi kubwa mno, na swali la lini ipite limeachwa. Udhaifu mkubwa wa ruhusa ya kufuata nyama ni kwamba kila anayekamatwa juu ya kwadi anaweza kusema ndiyo kwanza anakwenda kumfuata mnyama wake, na mlinzi mmoja mwenye eneo la mamia ya kilomita za mraba hana namna ya kumkanusha. Saa haina udhaifu huo. Katika jimbo la Minnesota, msimu wa bunduki, mwenye leseni ya kulungu haruhusiwi kuendesha kwadi kwenye ardhi ya umma wakati wa saa halali za kupiga, isipokuwa kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Alfajiri na jioni, wanyama wanapotembea na wawindaji wanapokaa kimya kuwasubiri, mashine imezimwa. Mchana, na baada ya giza kuingia, beba nyama yako. Mlinzi anahitaji saa ya mkononi tu.

Milima ya Idaho ni mirefu na mikali kuliko misitu ya Minnesota, na saa 3 za mchana zingehitaji kuongezwa kwa walio mbali. Wenye vibali vya ulemavu wabaki na nafasi yao yote. Lakini nimeipima kanuni hiyo kwa siku ile yetu. Njia iliyo wazi kwa kwadi ilipita mita 400 hivi juu ya bonde alimoanguka elki. Kama mmoja wa majirani wa mzee angetuazima mashine yake, tungeburuta vipande mpaka njiani, na giza lilipoingia nyama yote ingekuwa garini kabla ya saa nne usiku. Na saa tatu asubuhi wale vijana wawili wangepita pale kwenye gogo kwa miguu, bunduki begani, wakinong'ona.