Miaka ya D'Oliveira isiyohesabiwa

Kila historia ya kriketi ya Uingereza inapogusia ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, jina la Basil D'Oliveira hutajwa kama kisa cha kisiasa, kana kwamba mtu mwenyewe hakuwa na kazi nyingine ila kugombaniwa na wakubwa. Mimi siridhiki na namna hiyo ya kumkumbuka. D'Oliveira alikuwa mchezaji wa kulipwa, aliyelisha familia yake kwa gongo lake la kriketi, na dhuluma kubwa aliyotendewa haikuwa ile ya mwaka 1968 peke yake, alipoachwa nje ya kikosi cha Uingereza cha kwenda Afrika Kusini. Kubwa zaidi ni ile iliyomla ujana wake kimyakimya, kabla ulimwengu haujamjua.

Rekodi rasmi zinampa mechi 44 za Test, yaani mechi za siku kadhaa baina ya mataifa, mikimbio 2,484 kwa wastani wa 40 na ushei, na wiketi 47, yaani wapigaji aliowatoa. Ni hesabu ya mchezaji hodari, ila haisemi kwamba mechi ya kwanza kati ya hizo, dhidi ya West Indies katika uwanja wa Lord's, London, mwezi Juni 1966, aliicheza akiwa na umri wa miaka 34, wakati ambapo wapigaji wengi wanafikiria kustaafu. Alipofika Uingereza alikuwa amejipunguzia miaka kadhaa, kwa kuhofia kwamba hakuna timu ingemtaka mtu wa umri wake. Wapo wanaouita huo uongo. Mimi naona alikuwa akijirudishia sehemu ndogo ya miaka aliyonyang'anywa.

Miaka hiyo ilipotelea wapi? Alizaliwa Cape Town mwaka 1931 na kukulia Signal Hill, katika jamii ambayo utawala wa makaburu uliiweka kwenye fungu la machotara. Yeye na wenzake walicheza kwenye viwanja vya changarawe, mkeka ukitandikwa juu yake, na mpira uliogonga kokoto uliweza kuruka hadi usoni bila taarifa. Newlands, uwanja mkubwa wa mji wake, aliweza kuingia kama mtazamaji tu, tena katika sehemu iliyotengewa wasio wazungu. Timu ya taifa ilikuwa ya wazungu peke yao.

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapohusika. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilizuru Afrika Kusini na kucheza na timu ya wasio wazungu iliyoongozwa na D'Oliveira. Mwaka 1958 wenyeji wale wakalipa ziara, na nahodha akaja huku kwetu akiwa na miaka 26, nguvu na macho yake vikiwa katika ubora wake. Mechi hizo hazimo katika hesabu ya mechi 44 za Test. Waliomtazama akipiga siku hizo, chini ya jua letu, waliona kitu ambacho mashabiki wa Lord's hawakukiona kamwe.

Alitoka Afrika Kusini kwa kuandika barua. Alimwandikia John Arlott, mtangazaji mashuhuri wa kriketi, na hatimaye Arlott akasaidia kumpatia mkataba wa pauni 450 kwa msimu wa 1960 katika klabu ya Middleton, kaskazini mwa Uingereza. Mwanzo ulikuwa mgumu mno. Majani yalikuwa mabichi, mpira ulichelewa kufika na haukuinuka alivyozoea, na katika zamu zake tano za kwanza alipata mikimbio 25 tu. Msimu ulipokwisha, wastani wake ulikuwa juu ya wapigaji wote wa ligi hiyo, nyota wa West Indies Garfield Sobers akiwemo. Mwaka 1964 akaingia kikosi cha kaunti ya Worcestershire, nao wakatwaa ubingwa mwaka huohuo.

Kisha ukaja Agosti 1968. Miezi miwili kabla, alikuwa amepata mikimbio 87 bila kutolewa dhidi ya Australia na bado akaachwa katika mechi iliyofuata. Safari hii aliitwa dakika za mwisho kwa sababu mwenzake alijitoa, naye akapiga 158 uwanjani Oval. Siku chache baadaye klabu ya MCC, iliyosimamia ziara za timu ya Uingereza, ilitangaza kikosi cha kwenda Afrika Kusini bila jina lake, nao wachaguzi wakasisitiza kwamba waliangalia mchezo tu. Alilisikia tangazo hilo redioni, katika chumba cha wachezaji wa Worcestershire, siku ambayo alikuwa ametoka kupiga 128. Alilia, na mchezaji mwenzake Tom Graveney akamwondoa mbele za watu. Sijapata kuona hoja ya kimchezo inayoweza kumwacha nyumbani mtu wa namna hiyo. Majuma kadhaa nyuma aliahidiwa pauni 4,000 kwa mwaka kufundisha kriketi Afrika Kusini, mradi ajiondoe mwenyewe kwenye ziara, na hakujiondoa.

Tom Cartwright, mmoja wa waliochaguliwa, alipojitoa kwa jeraha, D'Oliveira akaitwa kuziba pengo. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Vorster, akakataa kuipokea timu hiyo, ziara ikafutwa, na haukupita muda mrefu Afrika Kusini ikatengwa katika kriketi ya kimataifa hadi mwaka 1991.

Yeye alirudi kazini. Aliendelea kuichezea Uingereza hadi mwaka 1972, na Worcestershire kwa miaka mingine baada ya hapo. Katika fainali ya kombe la Benson & Hedges ya mwaka 1976, Lord's, dhidi ya Kent, msuli wa nyuma ya paja ulimchanika wakati timu yake ikilinda uwanja. Zamu yake ilipofika alitoka akichechemea na kupiga akiegemea mguu mmoja, asiweze kusogea kuufuata mpira, akategemea mikono na jicho hadi akafikisha mikimbio 50. Worcestershire walishindwa. Alikuwa na umri wa miaka 44.